Kenchi ya Tatu kutoka Madhabahuni

Kwemkulo, juu ya Malindi,
Lushoto.
14 Januari 2024

Mdogo wangu Beatha,

Salamu nyingi kutoka huku milimani zikukute wewe, shemeji Martin na watoto mkiwa salama huko Namanyere. Sisi tupo. Jua la Januari limetoka, karoti zimekubali, na magoti ya Mama yanamruhusu kufika kwenye banda la ng'ombe na kurudi akilalamika, jambo ambalo wewe muuguzi unajua ndiyo afya yake. Wifi yako Janeth anakusalimu. Mimi nimenenepa. Suruali niliyovaa kwenye msiba wa baba yetu, Tate, haifungi tena, ingawa nilimwambia kila mtu kwamba huzuni imenikondesha.

Usishangae kupata barua mwaka huu wa 2024. Uliponiambia, "Kaka, mambo mengine hayasemwi kwenye simu yako," nilinuna siku mbili. Siku ya tatu Janeth akanieleza taratibu kwamba tangu sikio langu la kushoto lizibe huwa naweka spika, na kwamba maongezi yetu yanasikika mpaka kwa jirani anayekamua ng'ombe. Na ujumbe wa maandishi, kwa kuwa miwani yangu huwa imepotea, binti yangu Pendo ananisomea kwa sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari, Mama akiwa pembeni. Basi nimerudi kwenye karatasi. Karatasi haina spika.

Jambo lenyewe ni hili. Wazee wa kanisa wamekubali tumsimikie Tate msalaba Jumamosi ya tarehe 13 Aprili, na ibada ya shukrani ifanyike ndani ya kanisa alilolipaua kwa mikono yake. Wanategemea watu mia nne. Mchungaji anataka historia ya marehemu iandikwe upya na kupigwa chapa, kila mtu apate nakala. Ile niliyosoma mazikoni mwezi wa kumi na moja niliiandika asubuhi ileile juu ya gunia la viazi, nikasahau hata mwaka aliofunga ndoa. Nilisema tu: baba yetu Sefania, fundi seremala, mtu wa nyumba yake, hakulala nje ila kwa sababu ya kazi, na kila Januari alipanda darini kanisani kufukuza popo kwa upendo wake kwa nyumba ya Bwana.

Hapo kwenye popo ndipo ulipoinuka ukatoka. Kesho yake alfajiri ulikuwa umeshapanda basi. Nimejiuliza miezi miwili nilikosea nini. Kama ni utani, niwie radhi. Unajua mimi nikiogopa kulia nafanya utani. Niandikie unayoyakumbuka wewe, maana karakanani ulishinda naye wewe. Mimi nilifukuzwa baada ya kuharibu mlango wa pili.

Kaka yako,
Faustine


Namanyere,
5 Februari 2024

Faustine,

Barua yako imefika wiki iliyopita. Watoto wazima. Martin mzima. Huku mvua haijakata tangu Novemba, mahindi yamefika dirishani. Kituoni tumebaki wauguzi wawili mahali pa watano. Ndizo habari.

Nani amepanda darini mwaka huu?

Nauliza kwa sababu Tate hakuwa akifukuza popo. Lile kanisa letu lina kenchi tano zinazobeba bati lote. Ya tatu kutoka madhabahuni, boriti yake ya chini, ile ya kulala, imefungwa mikanda miwili ya chuma kwa bolti sita. Kila Januari alipanda kukaza nati, kabla masika hayajaanza. Januari hii imepita na yeye yuko kaburini. Ukiniuliza kama hilo ni jambo kubwa, nakujibu ni kubwa. Ukiniuliza kwa nini, sikujibu.

Panda wewe. Spana ni namba ishirini na nne, ipo kwenye sanduku lake la vifaa, chini ya randa. Kaza zote sita mpaka mkono ukatae. Usimtume Amiri. Najua ni fundi mzuri, Tate alimfundisha mwenyewe. Ndiyo maana simtaki, atatazama mara moja tu na kujua. Usimwambie Mchungaji. Mama ndiye kabisa usimwambie.

Watu wasiingie mia nne mle ndani kabla hujakaza. Historia yako tutaizungumza baadaye.

Beatha


Kwemkulo,
26 Februari 2024

Mdogo wangu Beatha,

Marahaba. Najua hukunisalimia, lakini nimeona nijibu kabisa, huenda shikamoo yako iliangukia njiani huko Dodoma.

Barua yako ililala siku tisa kwenye sanduku la posta la shule ninayofundisha kwa sababu ufunguo anao mwalimu mkuu na mwalimu mkuu alikwenda kumwoza binti yake. Kwa hiyo nimechelewa, na si kosa langu, na yanayofuata ni kosa langu.

Nilikwenda Jumatano. Nikamwambia Mchungaji nataka kutazama popo, kwa kumkumbuka marehemu. Akanisifu. Akasema mwana huyu amefuata nyayo. Ngazi ile ina vidato kumi na saba, Beatha. Nilifika cha tisa. Hapo magoti yakaanza mahubiri yao, mikono ikaitikia amina, nikakaa nimeikumbatia ile ngazi kama mtu aliyepata wokovu, mpaka Janeth, aliyekuwa ameishika ngazi chini, akasema, "Baba Pendo, ama panda ama shuka, nina maharage jikoni." Nikashuka. Ndiyo taarifa ya mwanao wa kiume, fundi Sefania, popote ulipo.

Sasa sikiliza, hapa sitanii. Jumapili ya jana, katikati ya wimbo wa pili, kitu kililia juu. Hakikupasuka, kililia, kama mlango wa banda unaosukumwa na upepo. Kwaya ikaendelea. Mimi nikainua macho nikaona mstari kwenye siling bodi, na siwezi kukuapia kama ulikuwepo zamani ama la. Ndiyo taabu ya kuambiwa nusu. Tangu barua yako sitazami madhabahu, natazama juu. Mama alinifinya: "Unatafuta nini huko? Bwana yuko mbele." Nikapiga hesabu ya waliokaa chini ya ile kenchi. Mabenchi matatu. Mama yuko la katikati, siku zote, upande wa dirisha.

Nilimwambia Mama ahamie nyuma? Nilijaribu. Akataka kujua sababu. Nikasema upepo. Akasema upepo umemkuta hapo tangu kanisa lifunguliwe.

Ulipopiga simu tarehe kumi na nane nilijua unachotaka kuuliza, na wewe ulijua spika imewekwa, tukaishia kuzungumza mahindi dakika kumi na moja. Mama alisema baadaye, "Beatha siku hizi anapenda mahindi."

Mvua imewahi mwaka huu. Shume kumeshanyesha siku nne mfululizo. Niambie ni kitu gani ninakaa chini yake. Mtu hawezi kupanda vidato kumi na saba kwa sababu ya "usiniulize".

Kaka yako mwoga,
Faustine


Namanyere,
9 Machi 2024

Shikamoo kaka Faustine,

Nimesoma habari ya benchi la Mama mara tatu. Basi nitasema, halafu uichome hii karatasi.

Mwezi wa nne mwaka 1986 mvua iliichukua nyumba yetu ya kwanza kule bondeni. Wewe ulikuwa unasoma Vuga kwa mjomba, kwa hiyo uliporudi ulikuta nyumba mpya ukafurahi. Hukuona katikati. Mama alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue mdogo wetu Edgar. Tulilala kwenye stoo ya jirani kati ya magunia, na Edgar akaanza kukohoa, kile kikohozi ambacho leo nikikisikia kwa mtoto mchanga kituoni nakimbia. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tate alikuwa na boriti tano ndefu karakanani, saipresi ya Shume, amezikausha miaka miwili chini ya upenu. Zilikuwa za kenchi za kanisa. Waumini walikuwa wamezibeba mabegani kutoka Shume wakiimba. Hazikuwa zetu.

Siku ya kwanza alizitazama. Siku ya pili alizitazama. Siku ya nne zilikuwa juu ya vichwa vyetu, na bati juu yake, na Edgar amelala pakavu.

Alisema atakata nyingine azikaushe. Lakini Askofu alikuwa ameshapangiwa tarehe ya kuja kuliweka kanisa wakfu, mwezi wa saba. Wewe unaujua ukungu wetu. Shati tu halikauki siku tatu, sembuse boriti kwa miezi mitatu. Akapandisha mbao mbichi, akazipaka rangi, Askofu akazibariki. Mwaka uliofuata, kiangazi, ya tatu ikapasuka kwa urefu. Ufa ule mkono wangu uliingia mpaka kifundo. Najua kwa sababu niliuingiza. Nilikuwa mwembamba, yeye hakuweza kupita kwenye ile pembe, kwa hiyo nilitambaa mimi na tochi na kumwambia nimeona nini. Akaifunga mikanda na bolti. Masika mbao inakunywa maji inavimba, kiangazi inajikunja na nati zinalegea. Kila Januari tulikaza. Mpaka nilipoolewa.

Siku ile ya ufa aliniwekesha mkono juu ya randa yake nikaapa. Alisema, "Kanisa likijua, na mama yako atajua amelala chini ya nini. Hatalala tena."

Unakumbuka walivyokutania shuleni kwamba baba yako ni fundi asiyejua kupima, kwa sababu boriti za nyumba yetu zinatokeza nje ya ukuta hatua mbili kila upande, na kuku wanalala juu yake? Alijua kupima, Faustine. Hakuzikata kwa sababu zilikuwa za kanisa. Ile oili chafu aliyokuwa akizipaka kila mwaka, ni ili mchwa wasizile mpaka azirudishe. Kwanza alisema Edgar akue. Kisha wewe uoe. Kisha magoti yake yakaanza.

Ndiyo maana nilitoka ulipowachekesha watu na popo. Nisingetoka ningesema palepale mbele ya jeneza.

Panda ukaze. Hayo tu. Usiseme.

Mdogo wako,
Beatha


Kwemkulo,
Jumamosi Kuu, 30 Machi 2024

Beatha,

Barua yako ilifika juzi Alhamisi. Nimekupigia leo mara tatu, inaita tu, nadhani uko zamu. Basi naandika, na bahasha hii nitampa dereva wa basi badala ya posta.

Nimepanda. Kumi na saba vyote. Usiniulize nilivyopanda, Janeth anasema nilikuwa nimefumba macho, na kwamba hilo halikusaidia.

Nati ya kwanza ilizunguka robo ikakaa. Nikajisifu. Ya pili ikakaa, ya tatu ikakaa. Ya nne haikusogea. Nikamulika vizuri: imefika mwisho wa uzi wa bolti, na kati ya chuma na mbao bado kuna nafasi ya kidole. Tate alishaweka washa, zile pete bapa za chuma, akaongeza washa, nimehesabu saba zimepangwa kama sarafu. Ya tano hivyohivyo. Ya sita hivyohivyo. Hakuna tena cha kukaza, Beatha. Na yeye alijua. Alipanda mwaka jana, mzee wa miaka sabini na tisa, akaona ninachokiona mimi, akashuka, akaja kula makande na kuniuliza habari za shule.

Ule ufa wako. Mkono wangu umeingia mpaka kiwiko, na mimi si mwembamba.

Nilikaa pale juu sijui muda gani. Chini kina mama walikuwa wanapamba kanisa kwa ajili ya Pasaka, wamejaza maua kwenye makopo, wanaimba. Nikafikiri: kesho watajaa mpaka milangoni. Nikafikiri tena: imesimama miaka thelathini na saba na ufa, itashindwa siku moja zaidi? Nikimaliza Pasaka nitatafuta namna, polepole, bila kelele, jina la Tate likabaki. Nikaona ni wazo zuri. Halafu nikatambua ni wazo lake. Ni maneno ambayo lazima alijiambia kila Januari akiwa amekaa palepale nilipokaa.

Janeth akaita kutoka chini, "Umekufa?"

"Bado."

"Basi shuka."

Sikunawa. Nimekwenda kwa Mchungaji na vumbi la popo kichwani. Akacheka, "Mwalimu, umewafukuza?" Nikasema, "Mchungaji, kesho tusiingie mle ndani. Kenchi ya tatu imekwisha." Nilidhani nitaishia hapo. Akauliza, "Umejuaje? Miaka yote hakuna aliyejua." Nikafungua mdomo nitaje popo, Beatha, naapa nilitaka kutaja popo. Nikasema yote. Mbao kavu, mbao mbichi, Askofu, nyumba yetu. Nimekutaja na wewe.

Alikaa juu ya ngazi ya mlango wake. Akasema taratibu, "Fundi Sefania?" kama mtu anayeuliza jina la mgeni. Kisha akamtuma mwinjilisti akafunge kanisa na kutangaza kwamba Pasaka itakuwa kwenye uwanja wa shule. Mimi akaniambia: "Mama anajua?" Nikasema hapana. "Basi nenda umwambie wewe kabla tangazo halijamfikia."

Naandika nikiwa nimekaa kwenye jiwe nje ya jiko la Mama. Anamenya viazi, anaimba ule wimbo wa Pasaka anaoukosea kila mwaka. Boriti ziko juu ya kichwa changu, kuku wawili wamekaa.

Nimevunja kiapo chako. Naingia sasa.

Faustine


Namanyere,
12 Aprili 2024

Shikamoo kaka,

Simu zako tatu niliziona. Sikuwa zamu. Sikupokea.

Dereva alileta bahasha mpaka Sumbawanga, Martin akaifuata. Nimeisoma nimesimama. Imeishia mlangoni pa jiko. Tangu hapo hujaandika na hujapiga tena, wiki mbili, na mimi naogopa kupiga kwa sababu akipokea Mama sijui nimwambie nini. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya msalaba. Mvua huko zinatangazwa redioni, wanasema barabara za milimani zimekatika. Waliingia? Kuna mtu ameumia? Mama alisema nini?

Umefanya nililokukataza na sijui kama nikushukuru. Miaka yote nimelilinda jina lake, wewe umelimaliza kwa nusu saa, ukiwa na vumbi kichwani. Halafu nakaa, nawaza benchi la katikati, upande wa dirisha, na hasira inaniishia mikononi.

Kuna jambo sikuandika. Siku tatu kabla hajafa alinishika kidole, akasema neno moja tu: "Januari." Nikasema, ndiyo, Tate. Nilimwahidi, Faustine. Na likizo nilipewa. Wiki mbili, tarehe nane mpaka ishirini na mbili, ilisainiwa. Sikupanda basi. Nilikaa hapa nikapaka rangi jiko. Nilipaka polepole, mikono miwili ya rangi, na kila siku nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimechoka kubeba spana yake. Nilitaka mara moja tu mtu mwingine akose usingizi. Ulipoandika kwamba juu kulilia, mimi ndiye niliyeliza.

Kama kuna aliyeumia niambie. Kama Mama hataki kunisikia, niambie hilo pia.

Beatha


Kwemkulo, stoo ya nyumba ya Mchungaji,
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Beatha,

Marahaba, na marahaba nyingine ya ile ya Februari.

Hakuingia mtu. Hakuumia mtu. Nimeanza na hayo, habari za ng'ombe zitafuata. Ni wazima, wanakusalimu.

Pasaka tulisali uwanjani, kwenye ukungu, miamvuli imefunguliwa, kwaya haionekani inasikika tu. Wapo walionung'unika kwamba mwalimu kaogopa popo. Jumanne Amiri alisimamisha magogo ya kuegemeza akaanza kufungua bolti. Alipofungua ya nne, boriti ilifunguka kama kitabu. Ndani ilikuwa nyeusi, akachota kwa kiganja kama anachota unga wa kahawa. Kisha akasema, "Mzee alikuwa anashikilia hiki kwa spana?" Akavua kofia. Walionung'unika walikuwa wamesimama chini wakitazama, na mmoja mmoja wakasogea kutoka pale walipokuwa wamesimama.

Sitakudanganya kwamba jina halikuguswa. Nilisimama mbele ya wazee wa kanisa nikasema yote. Mzee Shukrani, ambaye alikuwa kijana kati ya wale waliozibeba kutoka Shume, alisema, "Mabega haya yalizibeba. Miaka yote napita kwenu nazitazama nikicheka kwamba fundi hajui kupima." Hajanisalimia tangu siku hiyo. Wapo wanaotaka jina la Tate lifutwe kwenye jiwe la mlangoni pa kanisa. Wapo wanaosema liachwe, na nusu yao, nadhani, wanalala chini ya mapaa aliyoyatengeneza. Hawajaamua. Mimi nimewaambia wakiamua lifutwe nitalifuta mwenyewe, na kwa ufundi wangu huu litasomeka miaka mingine arobaini.

Sasa Mama. Niliingia jikoni nikamwambia. Hakuacha kumenya. Alimaliza viazi vyote, akaviosha, akavibandika. Kisha akauliza, "Boriti zipi?" Tukatoka. Akazigonga kwa fimbo moja moja, kuku wakaruka. Akasema, "Shusheni." Nikamwambia, Mama, haya ni masika. "Nimesema leo? Nimesema shusheni." Akaniambia pia usipigiwe simu mpaka jambo liishe, kwa sababu hataki kulizungumza mbele ya spika. Kumbe na yeye alijua. Ndiyo sababu ya ukimya wangu. Si hasira.

Edgar alikuja na lori lake na mbao za paini za kuezekea upya. Alipoelezwa kwamba yote yalifanyika kwa ajili ya kikohozi chake, jitu zima la kilo mia moja, alikohoa, tukacheka mpaka Janeth akalia.

Jumatatu tuliezua. Amiri alibandua bati la kwanza akatuita. Upande wa juu wa boriti, ule ulioelekea bati, ambao sisi wa chini tusingeuona maisha yetu yote, pamechongwa kwa patasi, herufi nzuri, zile zake za mkato: KANISA 1. Ya pili: KANISA 2. Mpaka tano. Ndimi za kuungia zilikuwa zimeshakatwa kila upande, zimepakwa nta. Amiri akapima, akarudi kanisani akapima, akakuna kichwa. Watu kumi na wawili walizibeba mpaka juu. Ile ya tatu ilikaa mahali pake bila kuongezwa hata pigo la nyundo. Nilikuwa kidato cha kumi na saba nikitazama. Macho wazi.

Kwetu hakuna paa bado, mvua imemchelewesha Amiri. Mchungaji katupa stoo yake. Mama analala kati ya magunia ya viazi na anasema ile ya mwaka 1986 ilikuwa na panya wenye adabu zaidi. Halali vizuri. Hilo Tate alisema kweli. Nikimuuliza anasema ana hasira na mumewe na nisiingilie, ni ya kwao wawili.

Msalaba tutausimika tarehe 15 Juni. Historia nimeiandika upya, popo nimewatoa.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili nilimsomea Mama jana mchana, yote, sikuruka. Januari, na likizo iliyosainiwa, na kupaka jiko polepole. Sikujua kama nina haki ya kumsomea, lakini nimechoka kuruka. Alisikiliza ameshika kikombe. Akafumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akauliza, "Alilipaka rangi gani?"

Nikamwambia nitakuuliza. Anasubiri.

Kaka yako,
Faustine